Darasa la kusoma la Darasa la Kwanza: mpango mzuri unaosubiri ufunguo wa kabati

Mjukuu wangu anasoma Darasa la Kwanza katika shule ya msingi ya serikali iliyo pembezoni mwa Manispaa ya Morogoro. Mwezi Agosti, baada ya kumwomba mwalimu mkuu ruhusa, nilikaa siku tano mfululizo katika kipindi chao cha Kusoma, kwenye benchi la nyuma, nikiwa na daftari na kalamu. Sikwenda kumkagua mtu. Nilikwenda kwa sababu kila ifikapo Oktoba, wakati wa uandikishaji, wazazi wa mtaani kwetu huulizana kama shule ile "inasomesha", na majibu wanayopeana huwa ni ya kusikia tu. Haya ninayoyaandika ni ya kuona. Jina la shule naliacha, kwa kuwa kasoro nitakazozitaja hazikuanzia kwa mwalimu niliyemtazama, na kumtangaza mtaani lingekuwa ni kumlipa mabaya kwa hisani aliyonifanyia ya kunifungulia mlango.

Kipindi huanza saa 2:00 asubuhi na kumalizika saa 3:00. Ni vipindi viwili vya dakika 30 vilivyounganishwa, na mwalimu ameviunganisha kwa makusudi, kwa maelezo yake kwamba nusu saa moja huishia katika salamu, kugawa madaftari na kutafuta penseli zilizopotea. Mkondo huo una watoto 82 waliosajiliwa, ingawa katika siku zangu tano waliohudhuria hawakuzidi 74. Kiwango kilichowekwa na serikali ni watoto 45 kwa darasa, lakini tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto walimiminika shuleni kwa kasi ambayo vyumba na walimu havikuweza kuifuata, na mtu anayeishi huku hashangai kukuta darasa la watoto 80.

Hesabu yake ni hii. Dakika 60 zikigawanywa kwa watoto 74, kila mmoja anapata sekunde 48, na hapo ni endapo mwalimu hatafundisha kitu, hatakohoa wala hatamtoa mtoto nje kwenda haja. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwalimu wa darasa kama hili si kama anafundisha vizuri pale ubaoni. Swali ni watoto wanafanya nini wakati mwalimu hawatazami. Nilianza kulielewa hilo siku ya pili, na ndilo lililonifanya nilisifu darasa hili na kulilaumu kwa wakati mmoja.

Dakika 20 za mwanzo ni za darasa zima. Watoto husimama, "Shikamoo mwalimu!", huitikiwa marahaba, kisha huimba wimbo mfupi wa kuchangamsha, na mwalimu huingia katika sauti ya siku. Ninasema sauti, sisemi herufi, kwa sababu tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Sisi wa zamani tulifundishwa kuziita herufi kwa majina yao, halafu tukaimba ba, be, bi, bo, bu mpaka tukaziimba hata usingizini, na wako wenzangu waliofika Darasa la Nne wakiimba vizuri sana bila kuweza kusoma bango la dukani. Mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulioanza kutumika mwaka 2015 kwa Darasa la Kwanza na la Pili, ulilitengea eneo hilo sehemu kubwa zaidi ya muda wa masomo na kumtaka mwalimu aanze na sauti ambayo mtoto tayari anaitamka, ndipo aioneshe herufi inayoiandika. Morogoro ilikuwa pia miongoni mwa mikoa iliyofikiwa na mradi wa Tusome Pamoja, uliowafunza walimu namna ya kufundisha kusoma, kuanzia mwaka 2016, pamoja na Iringa, Mtwara, Ruvuma na Zanzibar, na athari ya mafunzo ya namna hiyo inaonekana katika mikono ya mwalimu huyu: haachi kadi ya herufi ikakaa ubaoni bila kutajiwa kitu ambacho mtoto anakijua nyumbani kwao.

Jumatatu sauti ilikuwa "mb". Mwalimu aliwataka watoto wapige makofi kwa kila silabi ya neno atakalolitaja. Kwa "mbuzi" walipiga mara mbili, mbu-zi, bila tatizo. Kwa "mbwa" darasa liligawanyika. Wachache walipiga kofi moja, kwa kuwa walihesabu irabu na kukuta ni moja, na wengi walipiga mawili, m-bwa. Mimi pale nyuma nilijikuta nanong'ona maneno yote mawili ili nisikie mwenyewe. Mwalimu hakutoa jibu. Aliwaambia wamwite mbwa aliye mbali, huko ng'ambo ya uwanja, na watoto 74 wakapaza sauti kwa mvuto, "mmm-bwa!", na papo hapo waliopiga kofi moja wakacheka wenyewe, kwa sababu ile m ilikuwa imesimama peke yake kama inavyosimama katika "mtu" na "mto". Hakutaja kanuni yoyote. Nimekaa na watu wenye shahada ambao wasingeweza kulieleza jambo hilo vizuri namna ile, na hapo ndipo nilipoacha kuangalia saa.

Baada ya hapo darasa hugawanyika katika makundi sita yenye majina ya matunda: Embe, Chungwa, Nanasi, Papai, Ndizi na Pera. Makundi hayakupangwa kwa umri, kimo au jinsia. Yamepangwa kwa kile ambacho mtoto anaweza kusoma leo. Embe wanasoma hadithi fupi na kujibu maswali. Chungwa wanasoma sentensi. Nanasi, alipo mjukuu wangu, wanasoma maneno ya silabi mbili na tatu. Papai na Ndizi wanaunganisha sauti kuwa silabi. Pera bado wanatafuta sauti. Nia ya kutumia majina ya matunda ni kuficha daraja, na nia hiyo ni njema, ila watoto si wajinga. Nilimuuliza mtoto mmoja wa Papai kwa nini hayuko Embe, akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto, akasema, "Embe ni wale wanaojua."

Kinachoyazuia makundi hayo yasigeuke kuwa matabaka ni daftari la mwalimu. Ni daftari la kawaida la kaunta, lenye majina 82 upande wa kushoto na safu tano: anatambua sauti, anaunga silabi, anasoma maneno, anasoma sentensi, anaelewa alichosoma. Kila mtoto anapotoka kusoma mbele yake huwekewa alama kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, na kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, makundi hupangwa upya. Ijumaa niliyokuwapo watoto saba walipanda na mmoja alishuka. Huyo aliyeshuka alikuwa amekosa wiki mbili kwa malaria. Mwalimu alimpeleka Ndizi akiwa amemshika mkono, akamketisha kando ya rafiki yake wa mtaani, kisha akamkabidhi kazi ya kugawa chaki za kundi. Sikuona chozi. Katika yote niliyoyaona, daftari hilo ndilo ningelipa alama ya juu kabisa, kwa kuwa kulitengeneza hakuhitaji mfadhili wala semina, na mwalimu akihamishwa kesho, atakayempokea ataanzia pale mwenzake alipoishia.

Mbele, karibu na dirisha, umetandikwa mkeka. Kila siku makundi mawili huja mkekani kwa zamu, dakika 15 kila moja, na mwalimu hukaa chini pamoja nao. Kila mtoto husoma kwa sauti yake mwenyewe, hakuna kuitikia kwa pamoja. Siku ya Jumanne nilisogea karibu kuwatazama Nanasi. Mvulana mmoja alifungua ukurasa wenye picha ya ndege mwenye upanga mwekundu kichwani, akasema bila kusita, "Kuku." Lilikuwa limeandikwa "jogoo". Mwalimu hakusema amekosea. Aliifunika picha kwa kiganja, akanyamaza. Mtoto alitazama kiganja, akamtazama mwalimu, ndipo akarudi kwenye herufi: "Jo... go... o. Jogoo!" Mwalimu akaondoa mkono, picha ikawa imemthibitishia. Tukio zima halikuchukua hata nusu dakika, na katika darasa ambalo watoto wote husoma kwa kuitikia, mvulana yule angeendelea kusoma picha mpaka Darasa la Tatu bila mtu kumgundua.

Hata hivyo, mkeka una mipaka yake. Watoto 12 wakigawana dakika 15, kila mmoja anapata dakika moja na robo, na kwa kuwa makundi ni sita na yanayofika mkekani ni mawili kwa siku, zamu yake humrudia siku ya tatu. Dakika moja na robo kwa siku tatu haimfundishi mtu kusoma. Inamwezesha mwalimu kujua mtoto amefika wapi, basi. Kusoma kwenyewe kunapaswa kutokea katika makundi yaliyobaki kwenye madawati na sakafuni, na kwa hao mpango umeandaliwa vizuri sana katika karatasi. Wanaosoma hukaa wawili wawili, mmoja msomaji na mwingine msikilizaji. Msikilizaji hufuata kwa kidole, na mwenzake akikwama haruhusiwi kumtajia neno mpaka ahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu. Ndizi hupewa kadi za silabi watengeneze maneno. Pera huwa na vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi kwa rangi, navyo huvipanga sakafuni.

Tatizo ni vitabu. Katika chumba cha walimu lipo kabati la chuma lenye vitabu vya kiada vya Kusoma, kitabu kimoja kwa watoto watatu hivi, pamoja na vitabu vidogo vya hadithi vya ziada, vikiwamo vifurushi ambavyo plastiki yake haijachanwa. Ufunguo hukaa kwa mwalimu wa taaluma. Katika siku zangu tano, kabati lilifunguliwa Jumatatu na Ijumaa. Jumanne vilibaki vitabu vichache tu vya mkekani ambavyo mwalimu alikuwa amevizuia katika mkoba wake. Jumatano mwalimu wa taaluma alikuwa ameitwa kwenye kikao, na Alhamisi alifika saa 5:00, watoto wakiwa wameshakunywa uji.

Kwa mtu anayetaka kujua thamani ya mpangilio wa darasa, bahati mbaya hiyo ilinipa kipimo ambacho nisingeweza kukitafuta: darasa lilelile, mwalimu yuleyule, likiwa na vitabu na likiwa halina. Jumatatu niliwachagua wasichana wawili wa Chungwa, nikawatazama wao tu kwa robo saa. Walisoma vitabu vitatu vidogo, kila mmoja kwa zamu, wakabishana kama fisi katika hadithi alikuwa na njaa au alikuwa mchoyo, na mmoja alihesabu moja, mbili, tatu kwa vidole mgongoni ili mwenzake asimwone anavyokosa subira. Jumanne wasichana haohao walinakili ubaoni sentensi ya "Mama anapika wali" mara tano. Walimaliza kwa dakika sita. Dakika tisa zilizobaki mmoja alichora maua pembezoni mwa daftari na mwingine aligombana na jirani kuhusu kifutio, mpaka mwalimu akalazimika kuinuka mkekani mara mbili kutuliza darasa, na kila alipoinuka, mtoto aliyekuwa akisoma mbele yake alipoteza zamu yake. Kwa hiyo ukosefu wa vitabu nyuma uliharibu pia kile kilichokuwa kikifanyika mbele.

Nilimuuliza mwalimu wa taaluma sababu ya kufungia vitabu. Alinijibu kwa heshima, na sababu yake si ya kipuuzi. "Mzee wangu, vile vitabu nimevitia saini kwenye leja. Kikipotea kimoja, mimi ndiye nitakayeulizwa. Kikichakaa kabatini, haulizwi mtu." Sina sababu ya kumlaumu yeye, kwa kuwa utaratibu unaomwadhibu mtu kwa kitabu kilichochanika na kumwacha salama kwa kitabu kisichosomwa utamfanya mtu yeyote mwenye akili afunge kabati. Lakini matokeo yake ni kwamba mpango wa makundi, uliotungwa kwa ustadi wote huo, hufanya kazi siku mbili kati ya tano. Kenya, mpango wa Tusome ulioenezwa nchi nzima kuanzia mwaka 2015 ulilenga kila mtoto wa madarasa ya chini awe na kitabu chake mwenyewe na mwalimu awe na mwongozo wa somo la kila siku. Hapa mwongozo upo, ubunifu upo, na hata vitabu kwa kiasi fulani vipo. Kilichokosekana ni boksi la plastiki lenye vitabu 30 linaloweza kulala darasani, na mtu wa kuridhia kwamba vitatu vitachanika kabla ya Desemba.

Kasoro ya pili ni ndogo kwa maelezo, ila ilinikera zaidi kila nilipoitazama. Kundi la Pera hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mwalimu anaeleza kwamba kazi yao ya vizibo inahitaji sakafu, na sakafu isiyo na mashimo iko nyuma. Ni kweli, nilizikagua zile za mbele, zimebomoka. Lakini watoto ambao bado hawajazishika sauti ndio wanaouona ubao kwa mbali kuliko wote, huku Embe, ambao wangeweza kusoma hata wakiwa uwanjani, wakiwa mstari wa mbele. Jumatano nilimwona mtoto mmoja wa Pera akikileta kizibo karibu na pua kabla ya kukitaja. Nilimwambia mwalimu baada ya kipindi. Kesho yake mtoto alihamishiwa mbele, na mama yake aliitwa ili ampeleke kupimwa macho. Sijui alikaa miezi mingapi akihesabiwa kuwa mzito wa kuelewa. Ningependa kuamini kwamba yuko peke yake.

Mambo mengine nayapitia kwa haraka. Kazi ya nyumbani ni kipande cha karatasi chenye maneno matano, ambacho mtoto humsomea mtu mzima nyumbani na kurudi nacho kikiwa na saini; ni wazo zuri, na nusu ya karatasi hurudi zimetiwa saini na watu ambao ni wazi hawakusomewa chochote, nikiwamo mimi mara moja, nakiri. Ada hakuna. Mchango wa uji waliokubaliana wazazi ni mdogo, na uji wenyewe ni wa lishe, mzito, hauna mavumbi. Vyoo vya watoto wadogo viko mbali na darasa, jambo linalokula dakika za kusoma kuliko watu wanavyodhani. Kelele kutoka mkondo wa jirani ni kubwa, kwa kuwa ukuta wa katikati haukufika juu.

Wapo wanaonishauri nimhamishie mjukuu wangu katika shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, ambako madarasa yana watoto 30 na kila mmoja ana kiti chake. Nimetembelea moja. Ilikuwa safi na tulivu, ila watoto walikuwa wakijifunza kusoma kwa lugha wasiyoizungumza nyumbani, lugha ambayo herufi moja ina sauti tatu, na walikuwa wakikariri maneno mazima kama sisi tulivyokariri silabi. Kiswahili kina fadhila ya kuandikwa kama kinavyotamkwa, na mtoto anayekizungumza akizishika sauti zake anaweza kusoma jina la duka, tangazo la mazishi na karatasi ya vitumbua kabla ya mwaka kwisha. Mjukuu wangu alianza Januari hajui herufi hata moja. Wiki iliyopita alinisomea maneno yaliyoandikwa nyuma ya bajaji, na mengine nilitamani asingeyasoma.

Kwa hiyo atabaki hapo. Kwa ufundishaji wa mwalimu na daftari lake la penseli ninalipa darasa hili tisa kwa kumi. Kwa vitabu ninalipa nne, na hizo nne ni kwa sababu vitabu vipo. Vingekuwa havipo ningetoa sifuri na kumlaumu mtu mwingine. Kwa mpangilio wa ukaaji ninalipa tano, ambazo zingekuwa saba endapo sakafu ya mbele ingezibwa kwa mifuko miwili ya saruji, kazi ambayo kamati ya wazazi inaweza kuimaliza Jumamosi moja bila kusubiri halmashauri. Nimeliwasilisha hilo pamoja na suala la boksi la vitabu kwa mwenyekiti wa kamati, na yote mawili yamo katika ajenda za kikao cha Septemba.

Mzazi atakayekwenda kuandikisha mtoto aombe kuingia darasani kama saa 2:20 hivi, makundi yakiwa yamekwisha kukaa, na akiruhusiwa, akae akiwa ameupa mkeka mgongo.